Mstari Ulionyooka na Swali la Binti Yangu

Desemba iliyopita nilisafiri na mke wangu na binti yetu, mwanafunzi wa kidato cha pili, kwenda Marekani kumtembelea mdogo wangu wa kike. Yeye ni muuguzi, anaishi Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson, mkabala na jiji la New York. Mama yetu mzazi alikuwa huko tangu Agosti. Alikwenda kukaa na wajukuu, kama wafanyavyo bibi zetu wa Tanga popote riziki ilipowapeleka watoto wao. Shemeji yangu alitukatia sote tiketi za onesho la Krismasi katika ukumbi wa Radio City Music Hall, onesho ambalo kwa familia nyingi za huko ni sehemu ya sikukuu kama pilau ilivyo kwetu.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa mambo ya katiba, bajeti na hali ya vyuo vyetu. Leo naomba wanivumilie nizungumze habari ya ngoma. Safari yenyewe haitakuwa ndefu, na itatufikisha nyumbani, kwenye viwanja tunakofanyia sherehe zetu za kitaifa.

Ukumbi huo upo katikati ya Manhattan, katika mkusanyiko wa majengo ya Rockefeller Center. Ulifunguliwa tarehe 27 Desemba 1932, wakati Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi na watu wakipanga foleni za kugawiwa mkate. Una viti vinavyokaribia 6,000. Dari lake limejengwa kwa matao yanayofuatana, kila moja kubwa kuliko lililotangulia, hata mtu aliyekaa nyuma kabisa huona jukwaa kama jua linalochomoza mbele yake. Sakafu ya jukwaa imegawanyika vipande vinavyopandishwa na kushushwa kwa mitambo, na okestra nzima huibuka kutoka chini ikiwa tayari inapiga. Mama alinishika mkono alipoona wapiga fidla wakipanda kutoka ardhini. "Hawa wamefufuka," akasema.

Onesho lenyewe huchukua dakika kama 90 bila mapumziko. Nguzo yake ni kundi la wanawake linaloitwa Rockettes, ambalo husimama jukwaani likiwa na wachezaji 36 kwa wakati mmoja. Hupanga safu moja kutoka ukingo hadi ukingo, na wote 36 huinua mguu kwa mpigo mmoja hadi usawa wa macho, huushusha, huinua mwingine, tena na tena, bila mmoja kutangulia wala kuchelewa hata kwa kope kupepesa. Mama alijifunika uso kidogo kwa ncha ya mtandio ilipoinuka miguu ya kwanza. Kisha nikamwona ameshusha mtandio na anaanza kuhesabu.

Kuna kipande kimoja kiitwacho gwaride la askari wa mbao, kinachochezwa tangu 1933, mwaka onesho hili lilipoanza. Wanawake hao huvaa suruali nyeupe zilizokakamaa na kofia ndefu, mashavu yamepakwa duara nyekundu, wakatembea kwa kwata bila kupinda goti. Mwishoni mzinga hupigwa, na askari wa kwanza humwangukia wa pili, wa pili humwangukia wa tatu, polepole mno, mpaka mstari wote umelala chali. Watoto ukumbini walicheka kwa kelele. Mwisho wa onesho kuna kisa cha kuzaliwa kwa Yesu, chenye kondoo, punda na ngamia walio hai. Mke wangu, ambaye ni Mkristo, alikuwa kimya kwa heshima. Mama yangu, ambaye anamsoma Bibi Mariamu katika Kurani yake, naye alikuwa kimya, ila alininong'oneza kwamba ngamia wale wamefundwa kuliko watoto wa siku hizi.

Binti yangu hakucheka askari walipoanguka. Aliinama kuelekea kwangu katika giza, akauliza: "Baba, hawa wanalipwa?"

Ili msomaji aelewe uzito wa swali hilo, lazima nieleze yaliyompata mwaka uliotangulia. Shuleni kwao walichaguliwa wanafunzi kwenda kushiriki halaiki katika sherehe moja ya kitaifa. Kila Mtanzania anaifahamu halaiki: mamia ya watoto uwanjani, wamevaa rangi za bendera, wanajipanga wakatokeza maumbo na maandishi, viongozi wakipiga makofi jukwaani. Ni kitu cha kupendeza sana kwa anayekitazama kutoka juu. Binti yangu alifurahi kuchaguliwa. Kwa wiki sita alifanya mazoezi uwanjani, awali alasiri tu, baadaye kutwa nzima. Vipindi alivyokosa vya hisabati na fizikia havikufidiwa. Chakula cha mchana kilikuwa mkate na soda, siku nyingine soda peke yake. Watoto wawili walizirai juani na kuketishwa kivulini mpaka walipozinduka.

Lakini jambo alilolirudia kila jioni lilikuwa la rafiki yake, jirani yake wa dawati. Msichana huyo ana mguu mmoja mfupi kidogo, anachechemea. Alifanya mazoezi wiki mbili pamoja na wenzake, hatua zote amezishika. Wiki ya tatu msimamizi alipita kwenye mstari, akamgusa bega, akamtoa. Sababu aliyopewa ilikuwa kwamba angeharibu mstari. Hakuna mzazi aliyeulizwa, na hakuna karatasi yoyote tuliyotia sahihi. Siku ya sherehe nilimtafuta binti yangu kwenye televisheni sikumwona. Alikuwa nukta ya kijani kati ya nukta za kijani.

Ndiyo maana katika ukumbi ule, katikati ya muziki na taa, mtoto wa miaka kumi na minne hakuuliza nguo zile zimeshonwa wapi wala miguu ile inainukaje. Aliuliza kama wanalipwa. Nilimjibu kwamba ndiyo, wanalipwa, na wana chama cha wafanyakazi. Jibu hilo lilikuwa sahihi lakini fupi mno, na katika treni ya kurudi Jersey City aliniuliza maswali mengine hadi tukafika. Nayaandika hapa niliyomweleza, pamoja na yale niliyoyafikiri baadaye.

Mstari ule una historia. Mwishoni mwa karne ya 19, kule Manchester nchini Uingereza, bwana mmoja aitwaye John Tiller, aliyekuwa katika biashara ya pamba, alianza kuwafundisha wasichana kucheza kwa safu, mikono imeshikana, miguu ikiinuka pamoja. Makundi yake, yaliyojulikana kama Tiller Girls, yalienea Ulaya na kuvuka bahari. Mmarekani Russell Markert aliwaona New York mwaka 1922, akaazimia kuunda kundi lake lenye wasichana warefu zaidi na miguu inayoinuka juu zaidi. Mwaka 1925 alilianzisha huko St. Louis, jimbo la Missouri, likiwa na wachezaji 16. Mfanyabiashara wa maonesho, Samuel Rothafel, akalileta New York, na usiku wa ufunguzi wa Radio City kundi lilikuwamo. Markert aliliongoza mpaka 1971.

Kuna siri ya jukwaa ambayo napenda wanafunzi wangu waijue, kwa sababu ina somo la siasa ndani yake. Wanawake wale hawalingani urefu. Kwa miaka mingi kigezo cha kuajiriwa kilikuwa kati ya futi 5 na inchi 6, na futi 5 na inchi 10 na nusu, tofauti ya zaidi ya inchi nne. Walio warefu huwekwa katikati na wafupi pembeni, na jicho la mtazamaji hudanganyika likaona usawa. Usawa ule umetengenezwa. Kuna mtu ameketi na kupanga nani akae wapi, ili tofauti zisionekane.

Mwaka 1927 mwandishi wa Kijerumani Siegfried Kracauer aliandika makala maarufu juu ya wachezaji wa aina hii. Aliwaona kama zao la viwanda vya burudani vya Marekani, ingawa mzizi wao, kama tulivyoona, ulikuwa Manchester. Hoja yake kuu ni kwamba miguu ya wachezaji hao inafanana na mikono ya wafanyakazi kiwandani. Mfanyakazi hushika kipande kimoja cha kazi bila kukiona kitu kizima. Mchezaji naye ni sehemu ya umbo asiloliona. Umbo huonekana na aliyekaa mbali tu. Nimelifundisha wazo hilo miaka mingi, na lina nguvu. Hata hivyo Kracauer aliwatazama wachezaji kutoka kitini. Hakuuliza walikuwa wakisema nini chumba cha kubadilishia nguo.

Walikuwa wanasema mengi. Katika miaka ya 1960 ukumbi wa Radio City ulikuwa ukionesha filamu na maonesho ya jukwaani mwaka mzima, na wachezaji walipanda jukwaani mara kadhaa kwa siku. Mwaka 1967 wanawake hao, kupitia chama cha wasanii wa maonesho kiitwacho AGVA, waligoma takriban mwezi mzima wakidai ujira na mazingira bora ya kazi. Walishinda. Mwaka 1978 wenye ukumbi walitangaza kuufunga kwa sababu ya hasara, na wachezaji wa ukumbi, wakiongozwa na Rosemary Novellino, kapteni wa kundi la baleti la ukumbi huo, waliendesha kampeni ya kuunusuru. Machi mwaka huo sehemu ya ndani ya ukumbi ilitangazwa kuwa urithi wa jiji, na milango haikufungwa. Kiti nilichokalia mwaka jana na mama yangu kimebaki pale kwa sehemu kubwa kwa sababu wanawake ambao Kracauer angewaita miguu tu walifungua midomo.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. Desemba 2016 ilitangazwa kwamba kundi litacheza katika sherehe za kuapishwa kwa Rais Donald Trump. Baadhi ya wachezaji hawakutaka. Mwanzoni iliwajia habari kwamba walioajiriwa kwa mkataba wa kudumu walipaswa kushiriki. Kelele zilipigwa ndani na nje ya kundi, na kabla mwezi haujaisha ikawekwa wazi kwamba kushiriki ni hiari. Tarehe 20 Januari 2017 walikwenda waliotaka. Msomaji anaweza kumpenda au kumchukia rais yule. Hilo halibadilishi uzito wa jambo. Mstari uliosifika duniani kwa kutokuwa na mguu unaochelewa uliweza kubeba watu waliosema hapana, na haukuvunjika.

Nisiupambe mstari huo kuliko unavyostahili. Kwa zaidi ya nusu karne haukuwa na mwanamke mweusi hata mmoja. Utetezi uliotolewa mara nyingi ulikuwa uleule: ngozi tofauti ingevuruga ulinganifu, jicho la mtazamaji lingekimbilia kwa mtu mmoja. Mchezaji wa kwanza mwenye asili ya Asia, Setsuko Maruhashi, aliingia mwaka 1985. Mweusi wa kwanza, Jennifer Jones, aliajiriwa mwaka 1987, miaka 55 baada ya ukumbi kufunguliwa, na mara ya kwanza alionekana na taifa zima Januari 1988 katika mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 2019 akaingia Sydnei Mesher, aliyezaliwa bila kiganja cha mkono wa kushoto. Jioni tuliyokwenda sisi walikuwamo wanawake wa rangi mbalimbali, na nathibitisha kwamba miguu iliinuka pamoja kama kawaida.

Nilipomweleza binti yangu habari za Mesher alinyamaza kwa vituo viwili. Kisha akasema: "Kwa hiyo mstari haukuharibika." Nikamwambia haukuharibika.

Lipo pia la mlangoni, maana siasa ya ukumbi haiishii jukwaani. Mwishoni mwa 2022 mama mmoja mwanasheria alikwenda kutazama onesho hilihili akiwa na binti yake na kundi la wasichana wa skauti. Kamera za kutambua nyuso zilimtambua, naye akazuiwa kuingia. Kosa lake lilikuwa kuajiriwa katika ofisi ya mawakili iliyokuwa na kesi dhidi ya kampuni inayomiliki shughuli za ukumbi, ingawa yeye mwenyewe hakuishughulikia kesi hiyo. Binti aliingia, mama akabaki nje. Habari ilienea, na maofisa wa jimbo la New York wakaitaka kampuni ijieleze. Mdogo wangu alitusimulia kisa hicho tukiwa katika foleni, mifuko yetu ikikaguliwa, na wote tukainua macho kutafuta kamera. Nchi inayojivunia haki za mtu binafsi nayo ina milango inayohesabu nyuso. Anayekwenda kujifunza kwa wenzetu na ajifunze yote mawili.

Sasa nirudi kwa mama. Tulipofika nyumbani mdogo wangu alichemsha chai ya tangawizi, na mama, ambaye njiani alikuwa amesinzia, akazinduka kabisa. Alisema aliyoyaona si mageni. Alituambia tuliangalie jambo moja: wanawake wale walikuwa wameweka mikono nyuma ya migongo ya wenzao, lakini hakuna aliyemwegemea mwenzake. Ni kweli. Wachezaji wenyewe husema kwamba hufundishwa kugusa kitambaa tu. Kila mmoja husimama kwa nguvu zake, maana ukimwegemea jirani utamwangusha. Mama hakusoma hilo popote. Alilijua kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa mke kijana mjini Tanga, alicheza lelemama.

Wasomaji vijana huenda wamelisikia jina tu. Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam: safu ya wanawake waliovaa sare moja, miili ikienda polepole kwa wimbo mmoja. Lakini nyuma ya safu kulikuwa na chama. Kilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, taratibu za harusi na misiba, na mahasimu wa kushindana nao kwa nguo na kwa nyimbo. Wanaume nao walikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi na kwata za majeshi ya kikoloni. Mwanahistoria Terence Ranger ameandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1975, akionesha jinsi vyama kama Marini na Arinoti vilivyoyageuza magwanda na vyeo vya mkoloni kuwa mtandao wa kusaidiana miongoni mwa watu wa mijini. Watawala walizitazama ngoma hizo kwa wasiwasi, kwa kuwa waliona watu waliojipanga bila kupangwa na wao.

Wasiwasi wao ulikuwa na msingi. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam, aliyeifanya kazi hiyo alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipitia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, na maelfu wakajiunga na chama. Mwanahistoria Susan Geiger amelieleza hilo kwa sauti za wanawake wenyewe. Safu za ngoma zikawa safu za harakati kwa urahisi, kwa sababu wanawake wale walikuwa wamekwisha jifunza kuchanga, kuchagua na kugomba.

"Sisi sare tulichagua wenyewe," mama alisema, akimtazama mjukuu wake. "Na aliyekasirika alitoka, akaenda kuanzisha chama chake. Wewe ulichagua nini huko uwanjani kwenu?"

Binti yangu alisema: "Hakuna, Bibi."

Hapo ndipo palipo hoja yangu. Sina ugomvi na mstari ulionyooka. Kuna furaha ya kweli katika kwenda pamoja, na mtu asiyewahi kuimba kwaya, kucheza ngoma ya safu au kupiga makasia na wenzake hatanielewa nikimweleza. Nidhamu ya mwili ni elimu. Wanaozibeza halaiki kwa kusema ni za kiimla, na wanaozitetea kwa kusema zinajenga uzalendo, wote wanautazama mstari kutoka jukwaa kuu. Napendekeza tuutazame kutoka ndani, kwa maswali matatu. Aliyemo anapata nini? Nani ametolewa, na kwa sababu gani? Na aliyemo akisema hapana, kinamtokea nini?

Kwa vipimo hivyo, wanawake wa Radio City walianza vibaya na wamesogea mbele kwa mgomo, kwa kampeni na kwa aibu ya hadharani. Lelemama ya mama yangu ingefaulu maswali yote matatu. Halaiki aliyoicheza binti yangu ingefeli yote matatu, na waliocheza ni watoto. Mtu mzima anayefanya kazi ngumu kwa ujira mdogo walau ana mdomo wa kisheria. Mtoto aliyeagizwa na mwalimu wake, ambaye naye ameagizwa na ofisi, ambayo nayo imeagizwa na kamati ya sherehe, hana mdomo wowote isipokuwa wa mzazi wake, na mzazi hakuulizwa.

Najua miongoni mwa wanaonisoma wapo watumishi wa umma, na baadhi yao wamo katika mnyororo huo wa maagizo. Nao wanaujua mstari. Wamesimama juani wakiwa na fulana zinazofanana, majina yao yameorodheshwa kwenye daftari la mahudhurio, wakimsubiri mgeni rasmi aliyechelewa kwa saa tatu. Hakuna anayehitaji kuwaeleza maana ya kuwa nukta ya kijani. Kwa hiyo siandiki kuwalaumu. Naandika kwa sababu wao ndio wanaoweza kulirekebisha jambo hili kwa gharama ndogo, kabla ya maagizo ya mwaka ujao hayajashuka.

Wiki ya pili ya Januari, katika kundi la WhatsApp la wazazi, ilitumwa orodha ya wanafunzi waliochaguliwa kwa halaiki nyingine. Jina la binti yangu lilikuwamo. Nilimwuliza anataka nini, nikiwa tayari kumsikia akikataa. Alisema anataka kwenda. Anaipenda halaiki, anapenda ile sekunde ambapo watu mia tatu wanageuka na unasikia viatu vyao kama kiatu kimoja. Lakini alisema ana masharti, akachukua daftari la mazoezi akayaandika, kisha akaniomba nimpelekee mwalimu. Nimeyanakili hapa kwa ruhusa yake, na nimerekebisha tahajia tu.

Kwanza, wazazi watumiwe barua na wakubali kwa sahihi, na asiyekubali mwanawe asiadhibiwe. Pili, vipindi vitakavyokosekana vifidiwe, na ratiba ya kufidia itolewe kabla mazoezi hayajaanza. Tatu, kuwe na maji, kivuli, muuguzi na chakula cha mchana kinachoshibisha. Nne, kama kuna fedha zilizotengwa kwa ajili ya halaiki, wanafunzi waambiwe ni kiasi gani na kinatumikaje. Tano, rafiki yake arudishwe mstarini.

Chini ya sharti la tano ameongeza mchoro wa safu ya watu wenye vimo tofauti, warefu katikati na wafupi pembeni, na mshale unaoonesha mahali ambapo msichana anayechechemea anaweza kusimama bila kuvuruga chochote. Chini ya mchoro ameandika: "Inawezekana. Nimeona."

Nimeipeleka karatasi hiyo shuleni. Mwalimu aliyepokea aliisoma mara mbili, akacheka kidogo alipofika kwenye mchoro, kisha akasema masharti matatu yamo katika uwezo wake na mawili yako juu yake. Hakuniambia ni yapi. Aliikunja akaiweka katika mfuko wa shati, si katika faili, na akaniomba nirudi baada ya kikao cha wazazi. Nawaomba wazazi wenzangu wenye watoto katika orodha kama hizo, popote walipo, waende kwenye kikao chao nao, na wakiweza watangulie kuwauliza watoto wao masharti yao ni yapi.